Nilivyohesabu pweza wa Kigombe kwa hesabu za sekondari

Kazi niliyokabidhiwa na BMU ya kwetu Kigombe, yaani kikundi cha wanakijiji kinachosimamia rasilimali za uvuvi, ilikuwa rahisi kuitamka: tujue kama pweza wanapungua. Pwani kila mtu alikuwa na jibu lake. Wazee wanasema wamekwisha. Wachuuzi wanasema wapo tele, watu wamekuwa wavivu tu. Mimi nilikuwa na mizani ya kuning'iniza, kauntabuku moja, na takwimu za kidato cha tatu ambazo nilizisoma ili nifaulu mtihani, basi.

Kwa asiyepajua, Kigombe ipo kati ya Tanga mjini na Pangani, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009. Wageni wakija huulizia silikanti, yule samaki wa kale aliyeanza kunaswa kwenye majarife ya Tanga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisi riziki yetu ni pweza. Bamvua likiingia, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa zaidi ya mita tatu, miamba ikatoka nje, na watu wakateremka na vyuma vyao kuchokoa mashimo.

Kumbukumbu za kilo zilikuwepo tangu zamani. Nilizipitia, kisha nikamuuliza mwenyekiti, siku hii walioshuka mwambani walikuwa wangapi? Hakukuwa na aliyeandika. Hapo ndipo penye shida yote. Tuseme siku moja watu 10 wameleta kilo 60, na siku nyingine watu 24 wameleta kilo 72. Ukitazama jumla, mambo yamepanda. Ukigawanya, kila mtu ametoka kilo 6 akaenda kilo 3. Mwamba unaotoa nusu ya ulichokuwa unatoa hauwezi kuitwa mzima, hata kama gari la mnunuzi linaondoka limejaa.

Basi nikachora safu: watu, muda waliokaa mwambani, kilo. Muda ulinisumbua kidogo maana mtu hashuki mwambani na saa mkononi. Nikawa nakaa kwenye njia ya kushukia, naandika nani amepita saa ngapi, na akirudi naandika tena. Kilo kwa mtu kwa saa, hiyo ndiyo namba niliyoifuata.

Jambo la pili ni nani wa kumpima. Kwenye kituo cha mnunuzi wanafika pweza wakubwa tu, kwa sababu wadogo huishia kwenye sufuria za nyumbani au huuzwa njiani kwa wakaanga pweza. Ukipima pale utaamini bahari imejaa majitu. Kwa hiyo nilipima pale pale kwenye mchanga, kila mtu wa tatu anayetoka majini, awe ndugu yangu au siyo. Kumchagua wa kuanzia nilirusha dadu. Watu walicheka sana, lakini dadu ndiyo iliyonikinga na lawama ya kupima jamaa zangu pekee.

"Shikamoo shangazi. Naomba nipime mmoja mmoja, siyo kwa ndoo."

"Marahaba. Pima, mwanangu, ila usinipunguzie."

Kupima mmoja mmoja kunachosha, na jua la saa saba halina huruma, lakini kunaonyesha kitu ambacho ndoo inakificha. Chukua mfano wa pweza saba, wa gramu 400, 500, 500, 600, 700, 700, na jitu moja la kilo 4 na nusu. Wastani wao unazidi kilo moja, na ukiutangaza utapigiwa makofi. Lakini wapange kwa mstari kuanzia mdogo, umtazame wa katikati: gramu 600. Huyo ndiye pweza halisi wa siku hiyo, yule jitu ni bahati ya mtu mmoja. Tangu nilipoliona hilo naandika zote mbili, wastani na ya katikati, na zikiachana sana najua kuna wachache wakubwa wanaopamba sura ya wadogo wengi.

Nikaongeza hesabu ndogo zaidi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote: kati ya kila pweza 100, wangapi hawafiki gramu 500? Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua walio chini ya hapo, na sababu yake ina mantiki. Pweza hukua haraka na haishi muda mrefu. Jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai bila kula, kisha akafa. Ukimtoa akiwa mdogo umemtoa kabla hajaacha kizazi, na hana msimu wa pili wa kufidia.

Majira nayo yanataka akili. Kusi likivuma mawimbi ni makubwa, maji yamechafuka, na mtu anarudi na kidogo hata kama pweza wamejaa shimoni. Kwa hiyo sikubali kulinganisha Julai na Januari. Kusi kwa kusi, kaskazi kwa kaskazi, bamvua kwa bamvua. Ndiyo maana nilipoulizwa jibu baada ya miezi michache nilisema subirini mwaka uzunguke, na wapo walionikasirikia.

Mkutanoni sikupeleka asilimia nyingi. Nilichora nguzo kwenye karatasi ya manila, nguzo moja kwa kila kundi la uzito, na nguzo ndefu kuliko zote ilikuwa ya wadogo. Mjadala ukahama. Badala ya kubishana kama pweza wapo au hawapo, watu wakaanza kuulizana ni mwamba upi ufungwe kwa muda ili wadogo wakue, na nani atalinda usiku.

Kuna jambo bado sijalimaliza. Vijana wanaozamia na miwani hawangoji bamvua, wanafika mashimo ambayo mwanamke anayetembea kwa miguu hayafikii. Saa moja ya mzamiaji na saa moja ya shangazi haziwezi kukaa safu moja. Kwa sasa nimewapa kurasa zao peke yao nyuma ya kauntabuku, na mzozo ni nani atawangoja, maana wengine wanatua na mtumbwi upande wa pili kabisa.