Kiambato kisichoyeyuka hakiingii kwenye ngozi
Watu wanaangalia asilimia ya kiambato tu kwenye chupa ya losheni au krimu, kubwa ndo bora, lakini mi swali langu la kwanza ni je, hicho kiambato kimeyeyuka? Chukua asidi salisiliki, ile ya kutibu chunusi, lita nzima ya maji ya kawaida inayeyusha kama gramu 2 tu, yaani asilimia 0.2, sasa ukitaka losheni ya asilimia 2 lazima uweke kiyeyushi kama propilini glaikoli au alkoholi, la sivyo utaona vichembe kama sindano vimetuama chini ya chupa. Na chembe ngumu haipenyi, ngozi inapitisha molekuli moja moja, tena ndogo, chini ya dalton 500 hivi (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli).

Ila hapa ndo wengi wanateleza: kiyeyushi kikizidi, kiambato kinabaki humo humo kwenye krimu, hakina haraka ya kuhamia kwenye ngozi. Kinachokisukuma ni kukaribia kikomo cha kuyeyuka, yaani krimu iwe imebeba karibu kiasi chote inachoweza kuyeyusha. Ndo maana nazipenda nanokristali, yaani vichembe vidogo mno vya kiambato chenyewe, zinayeyuka upesi na kufidia kile kilichokwisha ingia. Liposomu, vifuko vidogo mno vya mafuta vinavyobeba kiambato, zinasifiwa mno kwa kweli, nyingi hazivuki zikiwa nzima, zinaachia mzigo wake kwenye tabaka la juu tu.