Bottle: fremuweki nzima ndani ya faili moja

Anayeanzisha mradi wa Django, fremuweki (yaani kiunzi cha msimbo ulioandikwa tayari) kubwa ya kujengea tovuti kwa lugha ya Python, hutengenezewa, kabla hajaandika mstari wake wa kwanza, folda yenye faili za mipangilio, za anwani na za kuiunganisha programu na seva, ambazo baadhi yake huenda asizifungue kwa muda mrefu. Kwa timu kubwa utaratibu huo una faida, lakini kwa huduma ndogo inayopokea fomu moja na kurudisha jibu ninauona kuwa mzigo, na ndiyo sababu huchagua Bottle, fremuweki ndogo ya Python kwa kazi hiyohiyo.

Bottle, ambayo Marcel Hellkamp aliianzisha mwaka 2009, imo yote katika faili moja iitwayo bottle.py na haitegemei chochote nje ya maktaba ya kawaida ya Python, kwa hiyo unaweza kuipeleka kwa flashi hadi kwenye kompyuta isiyo na intaneti, ukaiweka kando ya programu yako, na ikafanya kazi. Unataja anwani ya ukurasa kwa dekoreta, yaani mstari unaoanza na @, juu ya fanksheni, fanksheni inarudisha maandishi, basi ukurasa umekamilika. Ikirudisha kamusi ya Python badala ya maandishi, Bottle huigeuza kuwa JSON, muundo wa maandishi ambao programu hutumia kupeana data, bila kuombwa. Jambo dogo, lakini huniokolea uandishi mwingi wa kurudiarudia.

Wepesi huo umejengwa juu ya WSGI, makubaliano ya mwaka 2003 kuhusu namna seva na programu za Python zinavyopokezana maombi na majibu. Seva ya majaribio inayokuja na Bottle hushughulikia ombi moja kwa wakati, hivyo haifai kuachiwa umma. Hata hivyo, kuhamia Gunicorn, seva inayoweza kushughulikia maombi mengi kwa pamoja, ni suala la kubadilisha jina la seva mahali pamoja, bila kugusa fanksheni hata moja.

Gharama yake huonekana watumiaji wanapohitaji akaunti. Bottle haina mfumo wa kuingia, haina ukurasa wa msimamizi, wala haina njia yake ya kushughulikia hifadhidata, na anayevitaka vyote hivyo ataandika kwa mkono wake yale aliyoyakimbia, tena pasipo wakaguzi wengi ambao Django imepata kwa miaka mingi. Kwenye nywila sipendi kubahatisha: palipo na akaunti na ruhusa za ngazi mbalimbali, ninatumia Django. Kijiprogramu cha Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, kinachoonyesha joto la chumba kwenye kivinjari, hicho ninakiandika kwa Bottle.