Dodoma kwa miguu, Bosi mbele

"Anang'ata?"

Ndilo swali nililoulizwa Dodoma kutwa nzima leo. Alianza mlinzi wa gesti, akafuata mama wa chapati, wakaja wanafunzi waliosimama mbali kidogo, mmoja wao kashajiandaa kukimbia. Mdogo wangu akawa anajibu, "Hang'ati, ni mgeni tu," na mimi nakaza kamba, maana mbwa ni mbwa hata akiwa wako. Bosi mwenyewe hakuwa na habari na mtu. Alikuwa ananusa ukuta.

Tuliingia jana jioni kutoka Iringa kwa njia ya Mtera. Kumpakia mbwa kwenye basi ni ugomvi mtupu, kwa hiyo safari zetu na Bosi ni za gari dogo, vioo nusu wazi, na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa haikai mbali. Kadi hiyo ina nguvu kuliko maelezo yoyote. Gesti ya kwanza walitukatalia kabla hatujazima gari. Hapa tulipolala, meneja aliisoma mbele na nyuma, akaangalia tarehe, akasema, "Alale uani. Asinikanyagie mashuka." Haki yake.

Asubuhi tulitoka mapema. Agosti hapa kunakucha na baridi na upepo wenye vumbi, lakini ikifika saa tano jua limeshaishika lami. Kipimo changu ni kuweka mgongo wa mkono barabarani. Nikishindwa kuuacha hapo, Bosi naye hakanyagi. Ndiyo maana mambo ya katikati ya mji tuliyamaliza mwanzo: stesheni ya reli ya kati, iliyojengwa enzi za Wajerumani, Nyerere Square, kanisa kuu la Anglikana na kuba lake, kisha Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010. Kote huko ilikuwa zamu kwa zamu: mmoja anaingia au anasogea karibu, mwingine anabaki kivulini na kamba. Msikitini tulikaa ng'ambo kabisa ya barabara. Mate ya mbwa ni najisi, na sikutaka kumpa mtu anayewahi swala kazi ya kuosha kanzu mara saba, mojawapo kwa udongo.

Kubaki nje hakukuwa hasara. Aliyebaki nje ndiye aliyepata maongezi. Mlinzi mmoja aliacha kibanda chake, akachuchumaa mbele ya Bosi na kumkagua kuanzia meno hadi kucha. Akatuambia na wao wana mbwa wa lindo la usiku, mkali kweli, ila hana jina. "Tunamwita 'wewe,' na anakuja."

Jina la huyu wetu nalo lina kero zake katika mji wenye mabosi wengi namna hii. Nilipoita "Bosi, rudi hapa!" jirani na ofisi fulani, bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni aligeuka, akaona anayeitwa ni nani, akaendelea na safari yake kwa heshima zake zote.

Ukiwa na mbwa unaupima mji kwa vitu ambavyo mgeni mwingine havimshughulishi: kivuli kiko wapi, pembeni mwa barabara pana nafasi ya kupita, maji yanapatikana? Kwa vipimo hivyo, katikati ya Dodoma panatembeka vizuri kuliko nilivyotegemea. Wala si ajabu sana ukikumbuka kilichokusudiwa. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, ikaundwa CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ya kuujenga mji, na mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Toronto, ulitaka mji wa waenda kwa miguu na baiskeli, majengo yasishindane na vilima. Lakini pesa zikawa haba, miaka ikaenda, CDA yenyewe ikavunjwa mwaka 2017.

Mchana tukaenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Lami pana, wizara zimejipanga, uzio na geti, uzio na geti. Miti imepandwa, ila bado ni michanga. Kivuli chake hakimtoshi mbwa, sembuse mtumishi anayesubiri daladala. Tulishuka, nikaweka mkono chini, tukarudi garini. Sisemi ni pabaya. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahama kweli, wengi tulicheka, na majengo haya ndiyo jibu letu. Nasema tu kwamba aliyepanga umbali wa geti hadi geti alikuwa amekaa kwenye gari lenye kiyoyozi.

Jua lilipopoa tukaenda kwenye mawe ya Lion Rock. Hapo ndipo Bosi alipata siku yake: hakuna geti, hakuna anayeuliza kitu, upepo umejaa harufu. Tulipokuwa tunashuka tukakutana na mzee wa Kigogo anarudisha mbuzi. Akatusalimu "Mbukwenyi," nasi tukampa shikamoo. Akamtazama Bosi kwa muda.

"Huyu anachunga?"

"Hapana, babu."

"Anawinda?"

"Hapana."

"Basi analinda nyumba."

"Kidogo," mdogo wangu akasema. "Tunatembea naye tu."

"Mnatembea naye." Mzee akatulia. "Na chakula anakula?"

"Anakula sana."

Alicheka mpaka akaegemea fimbo. Mbwa wake, mwembamba mwenye sikio lililochanika, hakuja hata kumnusa Bosi. Alipita nyuma ya mbuzi wa mwisho, akamsukuma kwa pua arudi kundini. Yeye alikuwa kazini, na nilimwona Bosi anamfuata kwa macho hadi walipopotelea kwenye miiba.

Jioni ikabaki kazi moja, zabibu. Agosti ni mavuno, na kuondoka Dodoma mikono mitupu msimu huu huwezi kujitetea nyumbani. Binti aliyetuuzia, mkarimu kupita kiasi, akachuma punje moja kwenye kichala na kumpelekea Bosi mdomoni. Nilimdaka mkono. Zabibu, ziwe mbichi au kavu, zinaweza kumharibu mbwa figo, na hata chache zinaweza kumuua. Wenye mbwa mnaopita huku mlijue hilo.

"Dada, kitu kitamu hivi?" Hakuniamini hata kidogo. Akaitupia mdomoni mwake mwenyewe, akaitafuna huku ananiangalia, akaniongezea kichala cha bure, nadhani kwa kunionea huruma.

Ndoo ya zabibu imefungwa kwa utepe wa gundi na iko kwenye buti. Kesho ni Kondoa, michoro ya miambani ya Kolo. Huko kuna kupanda, kwa hiyo tunaondoka kabla jua halijachomoza.