Kutafuta jiwe lenye linaingia

Kazi yangu ni kompyuta, asubuhi mpaka jioni, ninatengeneza programu za maofisi, na ninaipenda. Lakini kuko njaa moja ya kichwa yenye kompyuta haishibishaki: kupata shida yenye unaweza kuizunguka, kuishika, kuigeuza, na ikikubali mkono unajua mbele ya akili. Mi hiyo niliipata ku kujenga kuta za mawe, yale yale meusi tunakanyaga kila siku hapa Goma, mashariki ya Kongo.

Kwa wenye hawajafika kwetu, mji umekaa juu ya lava. Januari 17, 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikakata mji katikati mpaka ikaingia ziwa Kivu, na Mei 22, 2021 ikashuka tena ikasimama pembeni ya mji. Ikipoa inakuwa jiwe lenye matundu matundu, ju gesi ilifungwa ndani wakati linaganda, na watu wanalivunja wanajengea misingi, nyumba, klotiri (kuta za kuzunguka parseli). Parseli zingine hata udongo wa kuchimba hakuna, ukuta unaanzia juu ya mwamba moja kwa moja.

Kuko muzee mmoja kwetu kartie, fundi wa mawe, Jumamosi naendaka kumusaidia. Kitu cha kwanza aliniambia: "Kijana, acha nyundo kwanza, angalia." Na kweli sehemu kubwa ya hii kazi ni macho. Unaanza na kona, unavuta kamba, halafu kila jiwe linakaa kwa tumbo lake pana, na mahali mawe mawili yanakutana lazima jiwe la juu lipite hapo katikati, ju ukiacha mistari ifuatane wima, ufa utapata njia yake. Ukuta wenyewe uko na sura mbili, ya nje na ya ndani, katikati unajaza vidogo na simenti, na kila baada ya nafasi unatia jiwe refu lenye linavuka toka upande moja mpaka mwingine kufunga zote mbili. Ukikosa hayo ya kufunga, mvua zikipita ukuta unatoa tumbo.

Sasa utamu uko hapa. Umefika mahali kuko nafasi, chini imelala mshazari, kushoto kuko pembe kali, na fungu la mawe liko nyuma yako na hakuna hata mawili yanafanana. Unabeba ile nafasi ndani ya macho unaenda nayo ku fungu, unaona moja, unaligonga kidogo (lizima linalia, lenye ufa linatoa sauti ya kukufa), unaligeuza, bado, unageuza tena upande wenye hukufikiria, unaliweka, linashuka lenyewe, unalisukuma kwa kiganja na halitikisike. Basi! Ile raha siwezi kuieleza vizuri, naweza kusema tu siku nzima inapita na sijashika simu.

Ku kompyuta naweza kujaribu kitu mara mingi kwa dakika moja, ikikataa nafuta. Jiwe kila jaribio liko na uzito, mgongo unalipa, njo maana unajifunza kufikiri mbele ya kunyanyua. Naona hiyo ndiyo tofauti kubwa, na ndiyo naipenda zaidi. Tena kesho yake mtu anaegemea ule ukuta, mama anaanika nguo hapo, na wala hakuna mtu atakuomba vershoni mpya.

Wengine watapata yao kwingine, kuko wa saa, wa redio, wa cherehani, na mafundi wa chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, nawaheshimu sana, kutoa gurudumu la duara ndani ya mti, kulivika kipande cha pneu (tairi) ya zamani, na ibebe viazi toka mlimani bila kuyumba, hiyo ni akili kubwa. Nikipata fundi mwenye subira nitaenda kujifunza.

Mwenye anataka kujaribu mawe, aanze na ukuta mfupi usiofika magoti, wa kuzunguka maua ao mboga, bila simenti, ili aweze kubomoa na kupanga tena. Avae gants (glavu), lava inakata kama kioo, na miwani ya kufunika macho kabla hajapiga nyundo hata mara moja, vipande vinaruka. Na amutafute fundi wa kartie yake, amusalimie, abebe mawe kwanza, wengi wanakubali.