Nilivyompata staa bila kumfuata inboksi

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, yule staa aliyeitangaza programu yenu ulimpataje?" Wanaouliza ni vijana wenye programu zao, na wengi wao wanachotaka hasa ni namba ya simu. Namba ya staa sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa na namba ya msusi wake, na kabla ya hapo nilikuwa na namba za watu wa kompyuta ambao nje ya Kijitonyama, Dar es Salaam, hakuna anayewajua. Walikuja kwa mpangilio huo huo, na ninaamini ndiyo sababu mambo yalikwenda.

Programu yetu ni ya kuweka miadi saluni. Mteja anachagua msusi, siku na saa, analipa advansi kwa simu, basi. Aliyewahi kukaa saluni ya Sinza siku ya Jumamosi tangu asubuhi akisubiri kusuka rasta, akaambiwa saa tisa alasiri "shoga, bado wawili mbele yako", hahitaji kuelezwa faida yake. Msusi naye ana kilio chake. Mtu anapiga simu, "niwekee nafasi", nafasi inawekwa, wengine wanarudishwa, halafu mwenyewe haonekani. Advansi ndiyo dawa. Ila ili advansi ilipwe kwa simu ilibidi uunganishwe na M-Pesa, Tigo Pesa (siku hizi Mixx by Yas) na Airtel Money, na mwaka 2016 mimi na mwenzangu hatukujua hata tuanzie mlango gani.

Ndipo nilipoanza kwenda Buni, ile sehemu ya wabunifu iliyofunguliwa mwaka 2011 ndani ya jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi. Jioni kulikuwa na mikutano: mtu anatoa mada, watu wanauliza, chai na sambusa zinapita, kisha watu wanasimama makundi makundi. Mimi si mtu wa maneno mengi, na kusimama mbele ya mgeni nisiyemjua nimpe kadi huku wengine wanane wamenyoosha za kwao, sikuweza na sikutaka. Nilichofanya ni kukaa karibu na soketi. Laptopu nyingi za wenzetu hazikai na chaji, kwa hiyo hata yule bingwa ambaye wote wanamtafuta, mwisho wake atainama pembeni yako akitafuta pa kuchomeka waya. Hapo unamsalimia, unasogea kidogo, unamuuliza swali moja.

Moja tu. Swali langu lilikuwa: "Kaka, samahani, malipo ya simu nyinyi mliunganishaje?" Sikueleza ndoto zangu wala ukubwa wa soko la nywele Afrika. Mtu wa kompyuta ukimwambia una wazo la biashara anaangalia saa. Ukimwambia kuna kitu kimekushinda kwenye kuandika programu yako anavuta kiti. Niliona hivyo mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuwahurumia wale wenye kadi.

Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye mambo ya malipo alinieleza kwa nusu saa nilichokuwa nakitafuta kwa muda mrefu. Usiende kwa kila mtandao wa simu peke yake, pitia kampuni ya kati inayokuunganisha na yote kwa mkupuo. Andaa TIN (namba ya mlipakodi), cheti cha usajili cha BRELA na leseni ya biashara kabla hujapiga hata simu. Halafu akanipa lile ambalo nisingelipata kwenye karatasi yoyote: pesa ya mteja inaweza kukatwa sasa hivi, lakini ujumbe wa kuthibitisha ukafika kwenye seva yako, yaani ile kompyuta inayoendesha programu, baada ya dakika kadhaa. Ukiiachia nafasi kabla ujumbe haujafika, utauza kiti kimoja kwa watu wawili. Tukaiandika programu ishike nafasi na kusubiri. Malipo yangu kwake yalikuwa kumjaribia programu yao kwenye simu za wasusi wangu, Tecno na Itel zilizojaa picha hadi hazina pa kupumulia. Kule ofisini kwao kila mtu alikuwa na simu ya bei mbaya, hivyo hawakuwa wameona inavyokwama.

Kwa njia hiyo nilipata watu. Mmoja wa seva, mmoja wa malipo, dada mmoja anayechora kurasa za programu, na mzee mmoja ambaye kila tukikutana nampa shikamoo na yeye ananipa ushauri wa kodi ya TRA, Mamlaka ya Mapato, bila kuombwa. Huo ndio mtandao wangu wote, na ulitosha.

Kipindi hicho nilikuwa nasoma sana jinsi hii mitandao ya kijamii yenyewe ilivyopata umaarufu, na nilikuta jambo ambalo wengi wetu tunalisimulia nusu. Tunasema mastaa ndio walioikuza. Twitter ilizaliwa San Francisco mwaka 2006, na mwaka mzima wa kwanza haikuwa na kishindo. Machi 2007 waanzilishi waliipeleka Austin, Texas, kwenye tamasha la South by Southwest. Wakaweka skrini kubwa kwenye korido ili watu waone jumbe zao zikipita wakati mikutano inaendelea. Jumbe zikapanda kutoka kama 20,000 kwa siku hadi 60,000. Waliokuwa kwenye korido zile walikuwa waandika programu, wanablogu na watu wa aina ya wale wanaogombania soketi. Aprili 2009, yaani miaka miwili baadaye, ndipo mwigizaji Ashton Kutcher alipowekeana dau na CNN nani atatangulia kufikisha wafuasi milioni moja. Kutcher akashinda, na siku hiyo hiyo Oprah Winfrey akaandika ujumbe wake wa kwanza mbele ya kamera, Evan Williams wa Twitter akiwa pale pale studioni. Dau lenyewe, kwa taarifa tu, lilihusu vyandarua: Kutcher aliahidi 10,000 kwa ajili ya Siku ya Malaria Duniani. Sisi wa huku tulikuwa tunatajwa kwenye kadhia hiyo kabla wengi wetu hatujafungua akaunti.

Hata baada ya miaka miwili ya kujiandaa, Twitter ilikuwa ikielemewa mara kwa mara, na watumiaji walikuwa wakiletewa ile picha ya nyangumi anayeinuliwa na ndege. Hebu fikiria Oprah angekuja mwaka 2007.

Instagram vilevile. Ilitoka Oktoba 2010, ikapata watu 25,000 siku ya kwanza, wengi wakivutwa na watu wa teknolojia na wapenda picha waliokuwa wameijaribu mapema. Justin Bieber aliingia mwaka 2011, na picha zake zikawa tatizo la kiufundi. Laiki zilikuja kwa kasi, na kila aliyefungua picha aliilazimisha hifadhidata izihesabu upya. Suluhisho lilikuwa kuihifadhi jumla ikiwa imeshahesabiwa. Niliposoma hilo nilimpelekea rafiki yangu wa seva, maana kalenda zetu za wasusi zilikuwa na ugonjwa ule ule. Kila mtu akifungua ukurasa, programu ilihesabu upya nafasi zilizo wazi. Akabadilisha.

Kwetu Bongo hakuna anayehitaji kuthibitishiwa nguvu ya mastaa. Instagram hapa ilibebwa na Bongo Fleva na Bongo Movie. Ugomvi wa Timu Kiba na Timu Diamond uliwafundisha mashangazi zangu kutumia simu kuliko darasa lolote la kompyuta; kuna mmoja alinunua bando kwa mara ya kwanza maishani mwake ili asome komenti. Kwa hiyo sikuwa na shaka kwamba staa anahitajika. Nilikuwa na shaka na saa ya kumleta.

Wenzangu wengi walikuwa wakiwaandikia mastaa inboksi. Mimi sikuandika. Kati ya wasusi waliokuwa kwenye programu yetu kulikuwa na mama mmoja anayewasuka waigizaji, na nilipomuuliza kuhusu mmoja wao alicheka. "Mdogo wangu, yule ukimwandikia huko hasomi yeye, kuna kijana anamsomea. Lakini Alhamisi nipo naye hapa masaa matano, mikono yangu iko kichwani mwake. Ataenda wapi?"

Alhamisi ile msusi alimwonyesha programu kwenye simu yake mwenyewe, kati ya msuko na msuko. Kumbe yule dada alikuwa na shida yake. Akiingia saluni, watu wanaacha kuseti nywele wanakuja kupiga naye selfi, na hamalizi kwa wakati. Alitaka kuweka miadi ya asubuhi sana au usiku, kwa jina ambalo si lake. Tukamwekea. Aliitumia kwa muda, akalipa advansi zake kama mteja mwingine, na mimi sikumwomba chochote. Nilitaka aizoee. Staa anayetangaza kitu asichokitumia watu wanamjua kwa maandishi tu, yale yaliyonakiliwa kutoka kwa meneja mpaka na "tafadhali posti saa kumi" inabaki pale juu.

Mazungumzo ya pesa yalikuwa na meneja. "Dada, sisi huwa tunalipwa kwanza, mengine baadaye." Nikamwambia, "Sawa kaka, ila bei hiyo sina. Nina nusu yake, na miadi yake yote ya mwaka huu ni juu yetu." Tulivutana kwa adabu. Kilichoamua ni yule dada mwenyewe, ambaye hakutaka kurudi kwenye foleni.

Kwenye makubaliano nilisisitiza mambo ambayo meneja aliyaona ya ajabu. La kwanza, asimtaje msusi wake. Fikiria maelfu ya watu wanamtaka mama mmoja mwenye mikono miwili! Kalenda yake ingejaa hadi mwakani, na wengine wote wangeondoka na hasira. Autaje mtindo wa nywele tu, na kiungo chetu kiwapeleke kwenye orodha ya wasusi wote wanaoujua mtindo huo, wa karibu kwanza. La pili, iwe mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka. La tatu, mbali na posti aweke na stori yenye kiungo cha kutelezesha juu, kwa sababu akaunti yetu ndogo haikuwa na ruhusa hiyo. Maneno aandike mwenyewe.

Wiki ile wenzangu wa soketi walinilipa wema wote. Wa seva alituhamishia kwenye mashine kubwa zaidi ya kukodi, kisha usiku, kwa bando la usiku, akiwa kwake Mwenge, akaendesha programu ndogo inayojifanya umati wa watu wanaoweka miadi. Mara ya kwanza ilianguka vibaya. Akakaza hapa, akalegeza pale, akarudia mpaka ikasimama. Wa malipo alizungumza na kampuni ya kati ili wasije wakadhani ni wizi wakatufungia. Dada wa michoro aliondoa picha nzito zote kwenye ukurasa wa kwanza.

Posti ilitakiwa itoke mchana. Ilitoka saa tatu usiku. Alikuwa ameandika: "Sikai foleni tena." Basi, hayo tu, na picha ya kisogo chake, nywele zimelala vizuri. Nilikaa naangalia namba zikipanda kwenye simu huku nikisoma komenti, ambazo nusu yake ilikuwa ni ugomvi kama zile ni nywele au ni wigi. Ugomvi ule ulitusaidia sana. Kila aliyebisha aliirudisha posti juu. Seva ilitweta, haikuanguka. Wasusi walianza kunipigia saa nne, wengine wakiwa wameshajaa wiki nzima.

Wengi waliojisajili usiku ule hawakuweka miadi yoyote. Walikuja kuchungulia. Wengine walikuwa Mwanza, Arusha, hata Mombasa, ambako hatukuwa na msusi hata mmoja. Hao tuliwauliza mji wao tu, tukawaahidi taarifa, na orodha ile ndiyo iliyotuonyesha kwamba mji wa pili uwe Mwanza. Mwenzangu alikuwa anataka Dodoma.

Umati wa staa ulipungua baada ya wiki chache. Waliobaki ni wale waliopata msusi karibu na nyumbani kwao na wakarudi kwake. Tangu hapo sijamlipa msanii mwingine. Pesa hiyo naipeleka kwa MC wa kitchen party, ambaye ukumbini ana wanawake mia wenye harusi, ubarikio na send-off za kuhudhuria mwezi huo huo, na wote wanahitaji nywele. Tunampa kamisheni kwa kila miadi inayotimia kupitia namba yake, na inaingia kwenye simu yake siku hiyo hiyo. Mmoja wao mwaka jana alidai nyongeza, akatutajia idadi ya wateja aliotuletea, na hesabu zake zilikuwa sahihi kuliko zetu. Tukampa.