Jinsi tulivyoiokoa wasla ya Aleppo mjini Berlin

Nilijifunza kupiga kanuni, chombo cha nyuzi nyingi, huko Unguja, katika kikundi cha taarabu, na nilipohamia Berlin niliamini kwamba muziki wa Waarabu naufahamu. Taarabu yetu ilipitia Misri, kwani husimuliwa kuwa Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo kujifunza chombo hiki hiki. Wasyria walionikaribisha, wengi wao waliofika Ujerumani mwaka 2015, walikuwa na jambo jingine kabisa. Wao hupiga wasla, yaani mfululizo mzima ndani ya maqamu (ngazi ya sauti) moja: inatangulia samai, kipande cha vyombo bila uimbaji, zinafuata muwashahati (nyimbo za mashairi ya kale), taqsimu (upigaji wa kubuni papo hapo) na mawali (uimbaji huru usiofuata mdundo), kisha wanafunga kwa qudud, nyimbo za mji wa Aleppo, Syria, zile ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2021 kuwa urithi wa binadamu.

Mwandaaji mmoja wa maonyesho alitushauri tuweke piano na tufupishe kila kipande, ati Wajerumani wasichoke. Tulimtii mara moja tu, na bado naudhika nikikumbuka. Tulichagua Rast, maqamu ambayo sauti yake ya tatu inakaa katikati ya vitufe viwili vya piano, hivyo mpiga piano alilazimika kuchagua cha juu au cha chini. Alichagua cha juu. Mwimbaji akavutwa huko kidogo kidogo, mpiga udi akabaki mahali pake, nami nikawa nashika vile vibao vidogo vya kanuni vinavyopandisha na kushusha uzi bila kujua nimfuate nani. Katikati ya mawali, mzee wetu anayepiga rika, yaani tari ndogo yenye visahani, aliilaza rika yake magotini, akakunja mikono, na hakuigusa tena hadi mwisho. Tangu siku hiyo piano haikurudi, na wasikilizaji hawakupungua.

Mzee huyo ni fundi cherehani wa Aleppo aliyepita umri wa miaka 70, na nyimbo alizozipata utotoni katika zawiya, mahali pa dhikri za Masufi, zimo kichwani mwake tu. Kila tulipomwekea kinasa sauti alisema, "Nimesahau, wanangu," na kweli sauti ilimkauka. Njia niliyoigundua ilitokana na kosa la kweli. Jioni moja, nyuma ya duka tunakofanyia mazoezi karibu na mtaa wa Sonnenallee, niliimba muwashaha wenye mdundo wa samai thaqili na kuvuta pumzi mahali pasipo pake. Mdundo huo una mapigo 10: dumu, pigo zito, katika la 1, la 6 na la 7, na taki, pigo jepesi, katika la 4 na la 8. Mzee aligonga kikombe cha kahawa kwa pete yake, akayahesabu yote, akasema, "Hapana, mwanangu, hapa unasubiri, hupumui," kisha akauimba mwenyewe, na baada ya ubeti tulioujua akaendelea na ubeti ambao hakuna kijana yeyote kati yetu aliyewahi kuusikia.

Basi nikawa nakosea kwa makusudi kila Alhamisi, huku simu ikinasa. Wiki ya tatu nilimweleza, nikamwomba radhi na ruhusa. Alinitazama kwa muda mrefu, akaniambia nikosee zaidi. Hadi leo tumenasa vipande 31, na kila kimoja tumekiandika maqamu yake, mdundo wake na aliyemfundisha.

Anayepiga kanuni Ulaya aizingatie baridi pia, kwa sababu vipasha joto hukausha hewa na ngozi ya samaki iliyo chini ya daraja linaloshikilia nyuzi hukazana. Majira ya kwanza ngozi yangu ilipasuka, na kuibadilisha kulinigharimu euro mia tatu na ushei. Sasa naweka kitambaa chenye unyevu ndani ya sanduku, mbali na nyuzi.

Mwezi uliopita nilikosea tena pigo la 7. Kabla mzee hajagusa kikombe, mjukuu wake, binti aliyezaliwa hapa hapa Berlin, alisema, "Ami, hapo ni dumu." Mzee akamwambia aimbe yeye. Aliimba hadi mwisho, na ubeti ule wa ziada ukiwemo, na simu ilikuwa inanasa.