Rangi Iliyokauka

Jumatatu moja ya mwezi wa nane, 2016, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na shemeji yangu tulisimama getini kwa jengo la maofisi hapa Houston. Gari limejaa ndoo za rangi na rola, nyuma wamekaa vijana wawili ambao tulishawaahidi malipo ya siku. Ilikuwa kazi yetu ya kwanza kubwa: ngazi za dharura, ghorofa sita, kuta na vidato. Kabla ya hapo tulikuwa mafundi wa jikoni la huyu na sebule ya yule.

Ndani ya kontena la mkandarasi mkuu alikaa mama mmoja wa makaratasi. Nikamkabidhi cheti changu cha bima kwa mbwembwe. Akashuka nacho kwa ncha ya kalamu, akaitua kwenye kisanduku kitupu. Hatuingii.

Bima yetu ya dhima, ile inayolipa mtu mwingine akiumia au mali yake ikiharibika kwa kazi yetu, ilikuwa ya dola milioni 1 kwa tukio, milioni 2 kwa mwaka. Mkataba, ambao nakiri niliutia saini bila kuumaliza, ulitaka juu yake bima ya mwavuli ya milioni 2, na mwenye jengo pamoja na mkandarasi mkuu waingizwe kwenye bima yangu kama wakatiwa bima wa ziada.

"Mwavuli?" shemeji akaguna. "Mvua ya mji huu inataka mtumbwi."

Nikampigia wakala wetu wa bima, dada wa Mombasa mwenye ofisi mtaa wa Alief. Hasira zimenipanda: mimi ninayekula kwa brashi nimkatie bima tajiri mwenye ghorofa?

"Kaka, sikiza. Mtu akiumia kwa kazi yako, wakili wake hachagui. Atakushtaki wewe, mkandarasi na mwenye jengo. Wao wakilipa, watakugeukia wewe. Wakiwa ndani ya bima yako, itawatetea, ila kwa lililotokana na kazi yako tu. Bomba lao likipasuka lenyewe, shauri yao."

Na mwavuli? Huo hukaa juu ya bima ya dhima, ya gari la kazi na ya dhima ya mwajiri, ukingoja. Mtu akivunjika mgongo asifanye kazi tena maishani, milioni 1 haifiki mbali; ikiisha, mwavuli hupokea, na mara nyingi aliyeongezwa kwenye bima ya chini naye hufunikwa. Ila ukiiacha ya chini ife kwa kutolipa, mwavuli haushuki kuziba pengo. Hilo utalijaza kwa mfuko wako.

Halafu akaniuma sikio. Mkataba ukitaka milioni 2, nisikubali iandikwe 5 ili nionekane mkubwa. Fomu za bima zilizotoka 2013 humpa mkatiwa bima wa ziada kiasi kilichodaiwa na mkataba tu, hata kama mimi nimenunua zaidi. Ushauri huo peke yake ulistahili soda.

Nilipokata simu nikasoma maandishi madogo ya juu ya cheti: ni taarifa tu, hakimpi haki yoyote anayekipokea. Miaka mitatu nilikuwa nakionyesha kama pasipoti! Kinachofunga ni karatasi za nyongeza za bima yenyewe: CG 20 10 kwa kazi inayoendelea, CG 20 37 kwa kazi iliyokwisha. Mama wa kontena alizitaka zote mbili.

Hiyo ya pili ilinichekesha. Nikapiga tena. Rangi ikishakauka itamdhuru nani?

"Ulisema mwapaka nini vile?"

"Kuta," nikajibu. "Na vidato."

Akanyamaza, akaniacha niyasikie maneno yangu mwenyewe. Ngazi za dharura, watu wanakimbia moto, viatu vya ofisini, rangi inayong'aa.

Vijana tuliwalipa siku ile bila kushika brashi. Mwavuli ukala karibu faida yote ya kazi, na karatasi zikafika Jumatano jioni. Alhamisi tukaingia. Tulipofika kwenye vidato nikachanganya ule mchanga wa kuzuia utelezi, nikapaka kimoja, nikakingoja kikauke, kisha nikakisugua kwa soli ya kiatu. Nikaongeza mchanga kidogo.

"Shem," akaniita kutoka chini, "twapaka ngazi au twajenga barabara?"